Tenki Lililong'olewa

Kazini walimwita Taratibu, na hakuna aliyekumbuka nani alimbandika jina hilo. Alikuwa dereva mkuu wa hospitali ya wilaya, miaka ishirini na sita kwenye usukani wa magari ya wagonjwa bila kugonga hata ndoo. Wenzake walimtania kwamba siku yake ikifika, malaika watamsubiri mpaka wachoke, maana atakuwa anapunguza mwendo kwenye kila kona. Alicheka nao. Lakini mgonjwa akiwa nyuma, Taratibu huyo huyo alijua kukanyaga mafuta, na barabara ya mlimani aliijua shimo kwa shimo.

Mambo yalianza siku tume ya serikali ya jimbo ilipokuja hospitalini kukusanya maoni. Jimbo lilikuwa limepitisha sera mpya: magari yote ya serikali yaache petroli, yatumie gesi asilia. Wageni walikuwa watatu. Walikaa ukumbi wa chakula, nyuma ya meza iliyotandikwa shuka la wodini kwa kukosa kitambaa, na mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akaeleza wanavyokusudia kufanya. Gari la wagonjwa litafungwa mitungi ya gesi, ila tenki la petroli litabaki, ili gesi ikiisha njiani dereva abonyeze swichi na safari iendelee. Akauliza kama kuna mwenye la kusema.

Taratibu hakuwa mtu wa vikao. Siku hiyo alisimama.

"Mama mwenyekiti, mkiacha tenki la petroli mtakuwa hamjafanya kitu. Petroli ya hospitali hii inanyonywa. Miaka miwili iliyopita nilizimikiwa na gari njiani, nyuma nina mzee aliyebanwa na kifua. Asubuhi tenki lilikuwa na petroli ya kwenda na kurudi. Mchana lilikuwa kavu. Yule mzee alinifia pale pale, amenishika mkono. Gesi hainyonywi kwa mpira. Ng'oeni matenki yote, watu wapone."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Na huku wanapiga, shingo zikageuka kona ya nyuma, alikokuwa amekaa dereva wa gari la pili. Huyo walimwita Mpira. Jina hilo kila mtu alijua limetoka wapi: kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono, kilichokuwa kikilala chini ya kiti chake. Mpira alitazama viatu vyake mpaka makofi yakaisha.

Ushahidi haukuwepo, kwa hiyo hakufukuzwa. Baada ya wiki mbili alinyang'anywa funguo za gari, akakabidhiwa toroli la chumba cha maiti. Alipopishana na Taratibu ukumbini alimwamkia kama kawaida, "Shikamoo kaka," na Taratibu akaitikia huku anatazama pembeni. Moyoni alijiambia kwamba hakumtaja mtu. Ilikuwa kweli. Na usingizi wake haukuharibika.

Gari lake lilikaa gereji ya jimbo siku nne. Liliporudi lilikuwa na mitungi miwili mirefu chini ya sakafu, bomba jembamba la chuma mpaka kwenye injini, na kwenye dashibodi kidude chenye taa tano ndogo, nne za kijani na moja nyekundu.

"Kila taa ya kijani ni robo ya gesi," fundi alimwelekeza.

"Na nyekundu?"

"Nyekundu ni kuomba Mungu, mzee." Wakacheka wote wawili.

Matenki ya petroli ya magari yote matatu yalitupwa nyuma ya stoo, juu ya vitanda vibovu. Siku ya uzinduzi utepe ulikatwa, picha zikapigwa, na ukutani karibu na lango ukapigiliwa ubao wa shaba unaosema kwamba hii ni hospitali ya mfano katika jimbo zima kwa nishati safi.

Na miezi ya kwanza, kusema haki, ilikuwa mizuri. Injini ilinguruma kwa chini kama paka aliyeshiba. Moshi mweusi uliokuwa ukiingia dirishani mwa wodi ya watoto uliisha. Gari halikuzimika njiani hata mara moja. Mkewe, aliyekuwa mshonaji wa nguo za watoto, alimwambia siku moja akiwa anaanika mashati, "Siku hizi nikikufulia sisikii harufu yoyote. Miaka yote nilidhani nimeolewa na pipa la petroli." Taratibu alilirudia neno hilo kazini wiki nzima.

Kisha serikali ya jimbo, kwa kuona mambo yamekwenda vizuri, ikapanua sera. Teksi au basi dogo litakalogeuzwa kwenda gesi lilifutiwa ada ya leseni na kupewa njia ya kwanza stendi. Lisilogeuzwa lilipewa mwaka mmoja tu. Watu si wajinga. Ndani ya miezi sita mji mzima uligeuza magari: teksi, mabasi madogo, pikapu za sokoni, hata gari la kuuza maji.

Kituo cha gesi kilikuwa kimoja.

Bomba kubwa lilikuwa bado halijafika mjini. Gesi ililetwa na malori kutoka mbali, yamebeba mitungi mirefu iliyolazwa kama magogo. Lori likichelewa, mji ulisimama. Kituo cha pili kiliwekwa jiwe la msingi, na jiwe likabaki hivyo hivyo, majani yakiota pembeni yake. Foleni ya magari ilianza kituoni, ikapita soko, ikafika mpaka barabara ya hospitali. Magari ya wagonjwa yaliruhusiwa kupita mbele, ila kupita mbele kulisaidia nini? Gari likijazwa wakati lori limeishiwa, gesi iliingia kwa unyonge na taa mbili tu ndizo zilizowaka.

"Nitangulize, bwana, nina kazi ya watu," Taratibu alimwambia mhudumu wa kituo siku moja.

"Nimeshakutanguliza, mzee wangu. Sasa nikutangulize kwenye nini? Presha yenyewe imelala."

Siku hiyo ndipo Taratibu alipoanza kuandika barua kwa uongozi wa hospitali. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili haikujibiwa. Alipopeleka ya tatu, katibu wa hospitali alimwita ofisini. Katibu alikuwa mtu wa adabu, na hata akikunyima kitu, alikunyima kwa adabu.

"Karibu kiti, mzee wangu. Nimesoma barua zako zote. Unataka tenki la petroli lirudishwe."

"Kwenye gari moja tu, Bwana Katibu. La kwangu. Funguo za tenki kaa nazo wewe mwenyewe."

Katibu akafungua faili, akalamba kidole, akapekua mpaka ukurasa aliokuwa ameukunja pembe. Akausoma kwa sauti, polepole. "'Ng'oeni matenki yote, watu wapone.' Haya ni maneno ya nani?"

"Yangu," Taratibu alijibu.

"Yamo kwenye kumbukumbu za kikao. Tume iliyapeleka jimboni, yakanukuliwa kwenye ripoti. Magari ya wagonjwa ya wilaya zote yaling'olewa matenki kwa sababu ya maneno haya. Leo niwaandikie kwamba dereva wangu amegeuka?"

"Waandikie kwamba nilikosea."

"Sera haiwi imekosea kwa sababu dereva amekosea." Katibu alifunga faili taratibu. "Na ule ubao pale langoni? Tumeahidiwa gari jipya kwa ajili ya ule ubao. Tenki likirudi, gari linakwenda wilaya nyingine. Vumilia. Kituo cha pili kinakuja."

Taratibu alitoka. Hakujua kama ana hasira na katibu au na yule mtu aliyesimama ukumbini akapigiwa makofi. Alijua tu kwamba matenki yameng'olewa wilaya zote. Hilo hakuwa amewahi kuambiwa.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Lori la gesi lilikuwa halijaonekana tangu Jumapili. Gari la tatu lilikuwa gereji, linasubiri vali. Gari la pili lilikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, taa nyekundu inawaka. La Taratibu lilikuwa na taa mbili za kijani.

Simu ikapigwa kutoka zahanati ya mlimani. Mwalimu wa shule ya msingi, darasa la pili, alikuwa amejifungua salama mapambazuko, lakini kondo la nyuma limekataa kutoka na damu haikatiki. Kilomita thelathini na moja, nyingi zake za kupanda.

Mkunga wa zamu, dada mdogo tu aliyekuwa na mwaka mmoja kazini, alipanda kiti cha mbele na sanduku lake la dawa. Akazitazama zile taa.

"Baba, zitatosha?"

"Kwenda zitatosha."

"Na kurudi?"

"Kurudi ni mteremko, binti yangu."

Ilikuwa kweli, isipokuwa kilomita kumi na moja za mwisho, ambazo ni tambarare kama meza. Hizo Taratibu hakuzitaja. Alifikiri kuomba gari lingine ofisini, akakumbuka kwamba yote yanakunywa gesi ile ile, na katibu mwenyewe alikuwa safarini jimboni kwenye mkutano. Alipiga moyo konde, akawasha.

Kupanda kuliila taa moja na robo tatu. Zahanatini walimkuta mwalimu amelala kwenye kitanda cha chuma, uso umepauka kama karatasi, macho yako wazi. Mama yake mzazi alikuwa kwenye benchi amempakata mtoto aliyevikwa kanga. Mume wake, kinyozi mwembamba ambaye hata siku hiyo alikuwa na kitana mfukoni, alishika upande mmoja wa machela, wakamwingiza garini pamoja. Kisha akaweka mguu mmoja ndani ili apande.

Taratibu akamshika bega. "Wewe baki, mwanangu."

"Nibaki? Huyu ni mke wangu."

"Najua. Gari likiwa jepesi litakimbia zaidi. Wewe mlete mtoto na mama mkwe polepole, nyuma yetu. Utamkuta amekaa kitandani anakunywa uji."

Kinyozi alimtazama mkewe. Mwalimu akamfanyia ishara kwa vidole, kama anayemtuma mwanafunzi nje: nenda. Akashusha mguu.

Mteremko wa kwanza gari lilishuka vizuri. Taratibu aliliacha lijiendee kwa uzito wake, akigusa gesi pale tu barabara ilipoinuka kidogo. Nyuma alimsikia mkunga akihesabu mapigo ya moyo kwa kunong'ona. Walipofika darajani, taa ya mwisho ya kijani ikapepesa, ikazimika, na ile nyekundu ikawaka. Akazima feni. Akazima redio ya upepo. Akazima hata king'ora, ingawa alijua vizuri kwamba king'ora hakili gesi.

Kwenye tambarare walikwenda kilomita mbili na nusu. Mbele ya matanuri ya matofali injini ilikohoa, ikatulia, ikakohoa tena. Kisha pakawa kimya kabisa, na gari likatambaa lenyewe mpaka ukingo wa barabara.

"Mbona tumesimama?"

Sauti ilitoka nyuma. Haikuwa dhaifu. Ilikuwa sauti ya mwalimu, iliyozoea kusikika mpaka dawati la mwisho.

"Tunaondoka sasa hivi, mwalimu," Taratibu alijibu.

Akashuka, akasimama katikati ya barabara na mikono juu. Siku nyingine yoyote pale pangepita teksi au basi kila baada ya dakika mbili. Siku hiyo hapakupita kitu. Alitazama upande wa mji, akatazama upande wa mlima, lami ni tupu kama imefagiwa, na akili yake ikachukua muda kuelewa: magari yote yako kwenye foleni. Ilipita baiskeli yenye kuku. Aliyekuwa anaiendesha akasimama, akachungulia ndani ya gari, akavua kofia, akabaki amesimama hapo hapo kwa kuwa hakujua afanye nini.

Taratibu akakimbia matanurini. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na hakuwa amekimbia kwa muda mrefu. Kulikuwa na lori kuukuu la dizeli, ambalo mwenyewe alikuwa hajapata uwezo wa kuligeuza, limepakiwa matofali mpaka juu.

"Nina mzazi anavuja damu!" alipiga kelele. "Nipeni lori!"

Hakuna aliyeuliza swali. Watu wanane, wanaume kwa wanawake, walipanda juu na kuanza kurusha matofali chini. Yalivunjikia pale pale, vumbi jekundu likapanda. Hata hivyo ilichukua robo saa kupata nafasi ya mtu kulala. Wakatandika magunia, wakamhamisha mwalimu na machela yake. Mkunga alipiga magoti pembeni, ngumi yake imekandamiza tumbo la mgonjwa, na Taratibu akasimama akishikilia chupa ya dripu juu kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ukingo wa lori.

Mwalimu hakuuliza kitu tena. Mara moja alifumbua macho, akalitazama anga, akayafumba.

Walipofika sokoni, foleni ya gesi ilikuwa imejaa pande zote mbili za barabara, na katikati palibaki uchochoro. Dereva wa lori alipiga honi bila kuachia. Magari yakaanza kujibana moja moja, lakini mengine hayakuwa na gesi hata ya kusogea, ikabidi watu washuke wayasukume. Katika foleni hiyo wakalipita gari la pili la wagonjwa. Dereva wake mpya alikuwa ameegemea mlango anakula karanga. Alimwona Taratibu amesimama juu ya lori na chupa mkononi, karanga zikamdondoka.

Paa la hospitali lilikuwa tayari linaonekana. Mkunga aliinua uso, akaondoa ngumi yake tumboni mwa mwalimu, akaiweka mapajani mwake kama kitu kisicho chake.

"Shusha mkono, baba," alisema. "Utachoka bure."

Taratibu hakuushusha. Alishikilia chupa ile mpaka langoni.

Aliyekuja na toroli alikuwa Mpira. Alimpokea mwalimu kwa uangalifu, akamfunika mpaka kichwani, akampeleka chumba cha maiti kule nyuma. Kisha akarudi na beseni la maji na sabuni, akamkuta Taratibu ameketi kwenye kizingiti, mikono imegandwa na vumbi la matofali. Akachuchumaa, akaanza kumnawisha kidole kimoja kimoja, kama mtoto.

"Kaka," Mpira alisema bila kuinua macho. "Siku ya yule mzee wa kifua. Ni mimi."

"Najua."

"Zilikuwa lita tano tu. Nilidhani zinazobaki zitatosha."

Taratibu aliyatazama maji yakigeuka mekundu. "Hata mimi leo nilidhani," alisema.

Mpira akamwaga maji, akaleta mengine.

Siku ya tisa walikuja watu wawili kutoka jimboni kuchunguza. Kabla hawajamwita, katibu alimpitia Taratibu kwenye chumba cha madereva na kufunga mlango. Alikuwa na fomu.

"Mzee wangu, umebakiza miezi minane ustaafu. Sitaki umwage unga sasa. Andika hapa kwamba kidude cha taa kilikuwa kibovu, kilionyesha taa nne. Gereji wataambiwa wabadilishe, mambo yataisha. Hakuna atakayeumia."

"Kilikuwa kizima."

"Nani anajua zaidi yako?"

"Mkunga aliniuliza kama zitatosha."

"Mkunga ataelewa."

Taratibu aliisukuma fomu pembeni, akaomba karatasi tupu. Akaandika kurasa mbili kwa mkono wake mzito. Aliandika kwamba aliondoka na taa mbili huku akijua. Aliandika tarehe za barua zake tatu. Aliandika kwamba pendekezo la kung'oa matenki lilitoka kinywani mwake, na kwa nini alilitoa. Aliandika hata habari ya kinyozi aliyemwacha zahanatini. Aliposaini, katibu alizisoma mara mbili, akavua miwani.

"Huu si ushahidi," alisema. "Huku ni kujinyonga."

Barua ya jimbo ilikuja baada ya wiki mbili. Ilisema dereva alitoka na gesi isiyotosha kinyume cha taratibu za kazi. Taratibu alilitazama neno hilo kwa muda, jina lake mwenyewe, limeandikwa kwa herufi ndogo. Alistaafishwa siku hiyo hiyo. Kuhusu barua zake, hapakuandikwa kitu. Kuhusu matenki, hapakuandikwa kitu. Ila ilitoka kanuni mpya kwa wilaya zote: gari la wagonjwa lisitoke likiwa na taa chini ya tatu.

Mkunga ndiye aliyempa habari za jinsi kanuni ilivyofanya kazi. Alikuja nyumbani kwao jioni moja, bado amevaa sare, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Siku hizi zahanati wakipiga simu, wanajibiwa gari halina taa tatu," alisema. "Simu inakatwa. Wiki hii mara nne, baba. Na hakuna mwenye kosa. Hakuna gari lililozimika njiani."

Mke wa Taratibu alimtengea chai. Hakuinywa.

Siku arobaini zilipopita, Taratibu alimwambia mkewe kwamba anataka kwenda kwa kinyozi. Mkewe hakumkataza. Alifunga kwenye karatasi nguo nne za mtoto alizoshona mwenyewe, wakaondoka pamoja asubuhi ya Jumamosi.

Kinyozi alikuwa anakaa vyumba viwili nyuma ya duka lake la kunyolea. Duka lilikuwa limefungwa. Aliwafungulia mwenyewe, akawapa viti, akabaki amesimama. Mama mkwe alikuwa chumba cha ndani. Walisikia akimbembeleza mtoto kwa wimbo usio na maneno.

"Nimekuja kuomba radhi," Taratibu alisema. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Hayo ndiyo yaliyobaki.

"Nataka nikuulize kitu, mzee," kinyozi alisema. "Wewe ni dereva, unajua."

"Uliza."

"Nilijipima juzi kwenye mizani ya duka la nafaka. Kilo sitini na mbili. Uliniacha ili gari liwe jepesi. Hizo kilo sitini na mbili zingekula kilomita ngapi za gesi?"

Mke wa Taratibu akamshika mumewe mkono kwenye goti. Labda alitaka adanganye. Taratibu alihesabu kwa uaminifu, kama alivyokuwa akihesabu safari zote.

"Hata moja haifiki," alisema.

"Kwa hiyo gari lingezimika pale pale."

"Karibu pale pale. Kwenye matanuri."

"Na mimi ningekuwepo."

"Ungekuwepo."

Kinyozi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokwisha kulijua. Alienda dirishani akatazama nje, ingawa nje palikuwa na ukuta tu. "Alisema chochote?"

"Aliuliza mbona tumesimama."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia tunaondoka sasa hivi."

Ule wimbo wa ndani ulikuwa umekoma. Kisha kinyozi akaenda mlangoni, akaufungua, akaushikilia wazi kwa heshima kama mtu anavyomfungulia mgeni yeyote. Wakainuka. Nguo za mtoto zilibaki juu ya kiti.

Walikuwa wamefika barabarani waliposikia viatu nyuma yao. Ni mama mkwe, mtoto begani. Hakumtazama Taratibu. Alimtazama mkewe.

"Dada yangu, mumeo asije tena hapa. Mkwe wangu hataweza kumtazama." Alimhamisha mtoto bega la pili, akavuta pumzi. "Wewe unaweza kuja. Mimi ni mzee, na mikono imeniisha nguvu."

Ikawa hivyo. Kila Jumamosi mke wa Taratibu alikwenda kusaidia kumwogesha mtoto na kufua nepi, na Taratibu alibaki nyumbani. Mwaka uliofuata bomba kubwa lilifika na kituo cha pili kikafunguliwa; redio ilieleza kwamba jimbo sasa linaongoza kwa magari ya gesi. Aliisikiliza habari hiyo mpaka mwisho, akaenda kufagia uwanja uliokuwa umeshafagiwa.

Mkewe akirudi, hakuwa mtu wa kusimulia. Alivua viatu, akanywa maji, akakaa. Taratibu naye hakuuliza. Ila Jumamosi moja alimwambia mwenyewe, huku anatundika mkoba wake nyuma ya mlango.

"Ameota jino."

Taratibu aligeuka kumtazama.

"La juu au la chini?" akauliza.

"La chini," alisema mkewe, akaenda kuwasha jiko.